Kisu cha Fundi, Chapa ya Kiwanda

Fundi anayetengeneza visu kwa mkono wake, tangu kukata chuma hadi kutia makali, hufika mahali ambapo sifa zake huzidi uwezo wa mikono yake. Wanunuzi huongezeka, wengine husubiri miaka ili wapate kisu kimoja, naye hana namna ya kuongeza saa za siku. Akiajiri vijana, mnunuzi huuliza ni nani hasa aliyekifua kisu chake; akipandisha bei, hubaki na matajiri peke yao. Huko Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1990, mafundi wengi wenye jina walifuata njia nyingine, nayo ni kukipa kiwanda leseni ya kutengeneza umbo walilolibuni, huku wao wakilipwa mrabaha kwa kila kisu kinachouzwa. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu naamini linawahusu mafundi wetu wa Lamu na wa Siyu, kisiwani Pate, kuliko wanavyodhani.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mwaka 1990, pale kampuni ya Spyderco ya Golden, Colorado, ilipotoa kisu cha kukunja kilichobuniwa na Bob Terzuola, fundi ambaye visu vya mkono wake tayari vilikuwa vikitafutwa na wakusanyaji. Wengine wakafuata. Benchmade ya Oregon ilifanya kazi na Mel Pardue na Warren Osborne. Kershaw, iliyo chini ya kampuni ya Kijapani ya KAI, ilimchukua Ken Onion wa Hawaii. Na CRKT, kampuni nyingine ya visu iliyoanzishwa mwaka 1994, ilijenga sehemu kubwa ya biashara yake juu ya maumbo ya mafundi wa mkono, likiwemo lile la kisu kiitwacho M16, la fundi Kit Carson. Mara nyingi jina la mbunifu huandikwa pamoja na chapa ya kampuni, na jina hilo ndilo kiini cha biashara yote. Mtu asiyeweza kumudu kisu cha mkono cha mamia au maelfu ya dola hununua cha kiwandani akijua kwamba fundi anayejulikana ndiye aliyeamua bapa lipindwe vipi na mpini ukamatike vipi. Nacho kisu hicho cha dukani hulifikisha jina la fundi kwa watu ambao wasingelisikia kamwe, na baadhi yao huja baadaye kuuliza kile cha mkono.

Yafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Lipo umbo la kisu, yaani mpindo wa bapa, unene wake na jinsi mpini unavyojaa mkononi. Na upo utaratibu wa kazi yake, kama vile komeo linalozuia kisu cha kukunja kisijifunge juu ya vidole. Umbo huuzika zaidi kwa sifa ya jina la aliyelibuni. Utaratibu huweza kulindwa kwa hataza, yaani haki ya kisheria inayowazuia wengine kuuiga kwa muda fulani, na faida yake huenda mbali zaidi, kwa kuwa unaweza kuingizwa katika visu vingi visivyofanana. Bill McHenry na Jason Williams walibuni komeo la kijiti cha chuma kinachokatiza mpini na kulikaza bapa, nayo Benchmade ikalitoa mwaka 1998 kwa jina la Axis. Kwa miaka mingi komeo hilo lilikuwa ndiyo fahari ya kampuni hiyo, hadi hataza ilipokwisha muda wake, na viwanda vingine vikaanza kutengeneza makomeo ya aina hiyo kwa majina yao wenyewe. Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, hakulichukulia hataza komeo lake, ambalo sehemu ya ubavu wa mpini wenyewe huingia nyuma ya bapa na kulizuia. Leo komeo hilo limo katika visu vya viwanda vingi mno. Michael Walker naye alilinda jina la komeo lake, LinerLock, kama alama ya biashara. Sisemi kwamba Reeve alikosea, kwa maana kampuni yake ilisimama imara kwa ubora wa kazi. Lakini fundi asiye na kampuni hawezi kulisha watoto kwa heshima ya kuigwa.

Kisu kikiingia kiwandani hubadilika, na fundi anapaswa kulijua hilo kabla ya kutia saini. Katika miji ya visu kama Seki nchini Japani au Maniago nchini Italia, bapa hukatwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, chuma hukazwa kwa moto wa tanuri kwa vipimo visivyotegemea jicho la mtu, na mpini wa mbao au pembe huweza kugeuzwa kuwa wa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo ili bei ishuke. Baadhi ya mabadiliko hayo hukiboresha kisu, na si haki kuvidharau viwanda. Mengine hukiharibu: bapa huongezwa unene ili lisirudishwe na wateja wanaolitumia vibaya, na kisu kilichobuniwa kukata kinaishia kupasua tu. Kwa hiyo naona kifungu kinachompa fundi haki ya kukagua sampuli na kuikataa kina uzito sawa na kile cha malipo.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ami yangu, mhunzi aliyejifunzia kazi Siyu, amejiwa na mfanyabiashara anayetaka kupeleka kisu chake cha samaki kiwandani. Ni kisu cha chuma cha springi za lori, chenye mpini wa mbambakofi, na bapa lenye mpindo mdogo karibu na ncha unaofuata mfupa wa changu au tewa bila kupoteza nyama. Siku hizi ami ameubadilisha mpini, ukawa na tumbo na kizuizi cha nyuma, ili mkono uliolowa usiteleze. Mfanyabiashara anataka kumlipa mara moja, kisha umbo liwe lake moja kwa moja. Ami aliniambia, “Mwanangu, fedha hizi ni nyingi kuliko ninazopata kwa mwaka. Mbona moyo unasita?” Nikamjibu, “Ami, unasita kwa sababu mwakani, ukikaa kufua kisu hiki hiki kwenye fuawe yako mwenyewe, utakuwa unaiga mali ya mtu mwingine.”

Kabla ya kuzungumzia bei, ilitubidi tujiulize ni kipi hasa kilicho chake. Siyu imejulikana tangu zamani kwa kazi ya ngozi na ya chuma, na umbo la jambia, pamoja na ala yake, ni urithi wa watu wote wa pwani hii. Hakuna fundi mmoja anayeweza kulitolea leseni, na anayefanya hivyo anauza kisichokuwa chake. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni, na ni sawa iwepo. Tunakumbuka jinsi kampuni moja ya Uingereza ilivyoomba kusajili huko kwao jina la kikoi kama alama ya biashara, na jinsi watu walivyosimama kulipinga ombi hilo. Jambia la Siyu linastahili ulinzi wa namna hiyo hiyo. Lakini tumbo la mpini na kizuizi chake ni fikira ya ami, iliyotokana na miaka ya kuwatazama wapasuaji samaki wakijikata, na hicho ndicho anachoweza kukitolea leseni bila kumdhulumu mtu.

Katika rasimu tuliyoiandika, hakuna kuuza umbo. Ipo leseni ya muda maalumu, na muda ukiisha haki zote zinarudi kwake. Mrabaha unahesabiwa kwa asilimia ya bei ya jumla, si ya faida, kwa sababu faida ni hesabu inayoweza kupunguzwa na mwenye daftari, ilhali bei ya jumla huonekana katika ankara. Kipo kiwango cha chini cha malipo kwa kila mwaka, ili kiwanda kisilifungie umbo kabatini. Kuhusu jina nilishikilia sana: jina la ami liandikwe kwenye bapa, na sampuli isipopata idhini yake, kisu kisitoke na jina hilo. Aidha, yeye na wanafunzi wake wabaki huru kukifua kisu hiki kwa mkono na kukiuza popote. Katika hili nilimweleza habari za Ernest Emerson, ambaye kisu chake cha CQC-7 kilitengenezwa na Benchmade, kisha mwaka 1996 akaanzisha kampuni yake mwenyewe iliyoendelea kukitengeneza. Ami alipenda sana kusikia kwamba mtu anaweza kushirikiana na kiwanda kisha siku moja akawa na chake.

Limebaki suala la usajili, ambalo ni la haraka zaidi. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inaruhusu umbo la bidhaa kusajiliwa katika KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda iliyoko Nairobi, kwa miaka 5, na usajili huo unaweza kuendelezwa mara mbili hadi kufikia miaka 15. Sharti lake kubwa ni kwamba umbo liwe jipya. Kisu cha zamani cha ami kimeshauzwa sokoni kwa miaka, hivyo sioni kama kinaweza kudai upya. Mpini mpya, hata hivyo, bado haujatoka karakanani, na ndio hasa anaoutaka mfanyabiashara. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba picha na michoro ya mpini huo vipelekwe KIPI kwanza, na mfanyabiashara asipewe sampuli wala asiruhusiwe kuipiga picha hadi risiti ya maombi iwe mkononi mwetu. Yeye amesema anaona huko ni kumcheleweshea kazi. Ami amemjibu kwa adabu kwamba kazi itaanza mara tu risiti itakapofika, na kwamba kwa sasa anaweza kununua visu vya zamani kwa bei ya kawaida.