Damu ya mama ipimwe jamani, tuache kukadiria kwa macho

Aliyewahi kufanya kazi leba anaijua ile dakika, mtoto kashalia, ndugu huko nje wanapigiana simu kupeana hongera, halafu mama anasema nesi mbona nasikia kizunguzungu. Hapo damu ishaingia kwenye khanga, kwenye godoro, kwenye gozi, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi, na ukiuliza katokwa kiasi gani unaambiwa kama mililita mia tatu hivi. Ni makadirio tu, na macho mara nyingi yanaona pungufu, hasa usiku nesi mmoja ana akina mama watatu wanasukuma.

Ndo maana utafiti wa E-MOTIVE, ule wa kugundua na kutibu mapema kuvuja damu baada ya kujifungua, nauongelea kila nikipata mtu wa kunisikiliza. Majibu yalitoka Mei 2023, ulifanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua njia ya kawaida. Hospitali zenyewe ndo zilizogawanywa kwa bahati nasibu, nyingine ziendelee na utaratibu wao, nyingine zitumie mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto akitoka. Mfuko unaning'inia ukingoni mwa kitanda kama faneli na una mistari ya kupimia damu kwa mililita. Kwenye 300 unakaa macho, na kama presha au mapigo yameshaharibika unaanza matibabu hapohapo, ikifika 500 unaanza hata kama mama anaongea vizuri kabisa.

Na matibabu ni kwa mkupuo: kukanda mji wa mimba, oksitosini (ya kukaza mji wa mimba), asidi ya traneksamiki (ya kusaidia damu isiendelee kuvuja), dripu, kukagua kama kachanika au kuna kipande cha kondo kimebaki, na kuita msaada kama damu haikati. Sisi mazoea yetu ni kimoja kimoja, masaji kwanza tuone, haya sindano tuone, daktari anakuja kupigiwa mama kashalegea!!

Kwenye utaratibu wa kawaida wanaovuja damu waligundulika nusu tu, 51%. Penye mfuko, 93%. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa kutokwa damu, yalishuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Niseme ukweli, hapo kilichoshuka hasa ni ile lita moja, vifo vilikuwa vichache pande zote kiasi kwamba huwezi kudai kwa uhakika vimepungua. Lakini mama ambaye hajafika lita moja ni mama ambaye bado una muda naye.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna dawa mpya hapo. Traneksamiki tunaijua tangu utafiti wa WOMAN wa 2017, wanawake 20,060 nchi 21, ikaonekana inaokoa ikichomwa ndani ya saa 3. Oksitosini ni ya zamani, inataka tu friji, nyuzi 2 mpaka 8, na umeme ukikatika usiku kucha basi unachoma kitu ambacho hujui kama bado kina nguvu.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye kamati ya afya ya kituo chenu, au unayeandika oda ya vifaa, naomba uulizie mifuko hiyo kwa idadi ya wanaojifungua kwa mwezi, sio boksi moja la maonyesho linalofungiwa kwenye kabati la matroni.