Siku moja na manila: kaulimbiu ya Gredi ya 4, Lamu

Saa 1:00 asubuhi
Manila, karatasi ngumu ya kuandikia chati ya kaulimbiu ya darasa, nainunua asubuhi ya siku ya kazi, si wiki moja kabla. Hewa ya hapa ina unyevu wa bahari; karatasi ikikaa siku kadhaa ndani ya nyumba ya mawe hulegea, pembe zikajikunja, na wino ukiigusa hutambaa nje ya herufi. Nachukua mbili nyeupe, upana sm 84 na kimo sm 59. Moja ya kuandikia, ya pili ya viraka, kwani weupe wa manila haulingani kila duka. Naziviringa ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Manila ikishakunjwa, alama ya mkunjo haitoki.

Saa 2:20
Maneno yanachaguliwa na watoto wenyewe, yasizidi manne. Tazama majina yaliyoandikwa kwenye mashua pale bandarini: maneno machache, herufi nene, na unayasoma chombo kikiwa bado mbali. Pendekezo la kwanza ni "Tukikosea, tunarudia". Lina mlio mzuri, ila linasomeka pia kwamba tunarudia kosa. Tunalibadilisha: "Tukikosea, tunajaribu tena." Kaulimbiu yenye maana mbili isipande ukutani, maana mtoto ataisoma mwaka mzima.

Saa 5:00
Mapumziko. Naazima rula ya mita moja, nachonga penseli, naunganisha madawati mawili.

Saa 7:00 mchana
Hapa ndipo chati hupona au huharibika, na wengi hukimbilia wino.

Darasa lina urefu wa mita 8 hivi. Mtoto wa dawati la nyuma anahitaji mwili wa herufi (a, e, n, u) usiopungua sm 6. Naacha pambizo ya sm 5 juu na chini, kwa hiyo zinabaki sm 49, yaani mistari mitatu ya sm 16 na sentimita moja ya akiba. Kila mstari naugawa hivi: sm 4 za vichwa vya k, t na b, sm 6 za mwili, sm 4 za mkia wa j, kisha sm 2 tupu. Penseli iguse tu. Ukiikandamiza inachimba mfereji, na wino hukimbilia humo.

Sasa upana. Usihesabu herufi, pima. Herufi pana kama u, n na k nazipa sm 5, i na j sm 2, r na t sm 3, s sm 4, T kubwa sm 6, mkato sm 2, na kati ya herufi na herufi sm 1.5. "Tukikosea" na mkato wake inafika sm 57.5. "tunajaribu" ina herufi 10, moja zaidi, lakini inaishia sm 53.5 kwa sababu ya i, j, r na t. Atakayegawa nafasi sawasawa kwa kila herufi ataona neno linapinda kushoto au linabanana mwishoni. Natoa 57.5 kwenye 84, nagawa kwa mbili: mstari wa kwanza unaanza sm 13.25 kutoka ukingoni.

Kabla ya wino, mtoto mmoja anasoma herufi moja moja kwa sauti, akianzia mwisho kurudi mwanzo. Jicho likisoma neno zima huruka herufi iliyosahaulika.

Saa 8:15
Maka nyeusi ya ncha bapa, ile isiyofutika. Feltipeni za maji zinatiririka zikipata unyevu. Wino huu hupenya, kwa hiyo chini ya manila natandika magazeti mawili. Chini ya kiganja naweka karatasi safi, maana ngozi ya mkono huacha doa la mafuta na wino hukataa kushika hapo. Madirisha ya upande wa upepo yanafungwa, na kila pembe inawekewa jiwe.

Unene wa mstari wa herufi ni sm 1. Nachora kingo mbili kwanza, kisha najaza katikati kwa mwelekeo mmoja. Ukijaza huku na huku, manila inavimba vinyweleo. Njano na chungwa naziacha kwenye pambo la pembeni. Kutoka dawati la nyuma hazionekani vizuri.

Herufi ikikosewa, sipaki dawa nyeupe ya kufutia. Nakata kiraka kwenye manila ya pili, kikubwa kufunika herufi nzima, nakibandika kwa gundi kidogo na kuandika upya kikikauka.

Saa 9:45 alasiri
Selotepu haishiki kwenye chokaa. Inabandua unga wa ukuta na kuanguka nao. Msumari nao unabomoa plasta. Nagundisha fito nyembamba juu na nyingine chini, ya chini ikiwa nzito kidogo ili karatasi isipeperuke, kisha nafunga kamba kwenye fremu ya mbao ya dirisha na kwenye ndoano iliyo juu ya ubao. Chati inakaa kando ya ubao, ukingo wa chini mita 1.2 kutoka sakafuni, mbali na jua la moja kwa moja.

Karatasi ya nailoni ya kufunikia vitabu sijaiweka. Inasubiri kesho adhuhuri. Ukiifunga leo unaufungia unyevu ndani, na madoa ya ukungu huanzia pembe za chini.