Jina la John Proctor

Jana usiku nimemaliza kusoma The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller ya mwaka 1953, na moyo bado mzito. Inahusu kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Watu 19 walinyongwa. Mzee Giles Corey, wa miaka 80 hivi, alirundikiwa mawe kifuani mpaka akakata roho, maana aligoma kujibu shtaka.

Kilichonitisha zaidi si wale mabinti wanaopiga mayowe mahakamani wakidai wamerogwa. Ni ile hesabu yenyewe: ukikiri uchawi unaishi, ukikana unanyongwa. Mwongo anarudi kwa watoto wake, mkweli anavishwa kitanzi. Kwa hofu hiyo, nani hatamtaja jirani yake?

Halafu Proctor, mkulima aliyeshtakiwa uchawi. Ameshakiri, ameshatia sahihi, kilichobaki ni kuikabidhi karatasi ili kijiji kizima kione. Anaichana! Anasema hana jina jingine maishani mwake. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Nikamkumbuka bibi mmoja wa mtaani kwetu utotoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, miaka na miaka ya kupuliza jiko la mafiga, na hayo macho tu yalitosha watu kumwita mchawi. Tulikatazwa kukanyaga uani kwake. Yeye alitujua wote. Tukipita alituita mmoja mmoja kwa jina, atusalimie, nasi tunatimua mbio.