Siku nne Kolo, na ng'ombe wasiokuwepo

Basi lilinishusha mbali. Nilimwambia kondakta "Kolo" mara mbili, akaitikia mara mbili, kisha akasahau, nami nikasinzia. Niliposhtuka tulikuwa tumeshaipita, tunaitafuta Babati. Nikarudi kwa bodaboda, begi mapajani, upepo wa Julai ukinikata masikio. Mama alinionya kwamba baridi ya Irangi, nchi ya Warangi huku Kondoa, si ya kuchezea, nikamwona anatia chumvi. Usiku ule nililala na soksi.

Zamani huwezi kuipita Kolo kwa usingizi. Nilipokuwa mdogo, kutoka Dodoma kwenda Kondoa ilikuwa kazi ya kutwa. Vumbi jekundu lilikuingia hadi kwenye meno, na masika likikwama gari mnashuka wote mnasukuma, mwenye kanzu na mwenye suti. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na sasa mabasi ya Arusha yanakatiza hapa badala ya kuzunguka Chalinze na Segera. Watu wanashukuru, na wana haki. Mjamzito anafika hospitali, mbaazi zinafika sokoni. Ila kijiji kimekuwa kitu cha kuonekana dirishani kwa dakika moja: maduka machache, msikiti, mashine ya kukamua alizeti, bodaboda wanaoota jua, kibao cha michoro ya miambani. Ukiinua macho kutoka kwenye simu, umeshachelewa.

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya michoro hiyo. Aibu kusema, lakini mama yangu amezaliwa hapa na mimi sijawahi kupanda kuiona. Nimewahi kuiona kwenye kalenda.

Jumatano. Mjomba hakuipokea vizuri habari ya michoro. Hakukataa, alisema tu, "Ile haikimbii," akachukua fimbo yake, akaniambia nimfuate shambani. Nikajua siku imeshapangwa.

Njia ya shambani inapita kandokando ya korongo. Nimetumia neno hilo maisha yangu yote bila kulijua. Hili lina kina cha kumeza nyumba ya bati na mti wake wa kivuli, kuta zake nyekundu zimechongoka kama mkate uliokatwa kwa kisu butu, na chini kabisa ni mchanga mweupe. Mito ya huku kiangazi ni mchanga mtupu. Wanawake wanachimba kishimo, wanasubiri, wanachota kwa kata mpaka ndoo ijae. Mjomba alisimama ukingoni akaniuliza naona nini. Nikasema korongo. Akasema, "Unaona miti."

Kweli, nilikuwa siioni kwa sababu ilikuwa kila mahali. Miyombo imefunika kilima chote cha upande wa pili, imeshuka hadi kwenye kingo, mingine imeota humo humo korongoni. Mjomba anasema alipokuwa kijana kilima kile kilikuwa kipara. Mbuzi ungemhesabu kutoka hapa.

Habari yenyewe ni ndefu na sehemu yake moja nimeisoma baadaye. Mbung'o walizijaza nyanda za chini, watu na mifugo wakabanana huku juu, vichaka vikafyekwa ili mbung'o wakose pa kukaa, mvua zikakuta ardhi iko uchi. Wakoloni walijaribu matuta kwa amri na watu wakayachukia matuta pamoja na amri. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi. Wakapanda miti, wakachimba makingamaji. Ardhi ikaendelea kwenda. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda.

Babu alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Mjomba aliwataja kwa rangi zao, mmoja mmoja, bila kufikiri, kama mtu anayesoma majina ya watoto wa shule. Wakati ule yeye ni kijana ambaye hajaoa, na ng'ombe hao ndio mahari yake. Yeye na kaka yake waliwaswaga siku tatu kwenda chini mbugani, kwa rafiki wa babu aliyekubali kuwatunza. Wawili walikufa mwaka uleule. Wengine, anasema, "walizaa huko, na aliyezaliwa huko ni wa huko." Hakuna aliyerudi.

Nilimuuliza kama alikasirika. Akanitazama kama nimeuliza kama mvua inalowesha. Maziwa yalikwisha nyumbani, samadi ikakwisha shambani, na wageni walipokuja hakuna cha kuchinja isipokuwa kuku. Babu aliendelea kuamka alfajiri kwenda kwenye zizi tupu, kusimama tu, kisha anarudi ndani. Hii mama hajawahi kunisimulia. Alikuwa mdogo, labda hajui, au labda anajua.

Halafu mjomba, mtu huyohuyo, akaniambia, "Lakini wangebaki, usingenikuta hapa." Anaonyesha kwa fimbo: nyasi zilirudi ndani ya misimu michache, kisha vichaka, kisha miti. Chini ya makorongo mchanga ulipotulia watu wamepanda miwa, migomba na viazi vitamu. Mwishoni mwa miaka ya themanini wakaanza kuruhusiwa ng'ombe wachache wa maziwa, wa kufugia bandani na kukatiwa majani. Yeye anaye mmoja sasa. Anamlisha kwa mkono, na mashudu ya alizeti, na anamwita kwa jina la ng'ombe mmoja wa babu. Nilitegemea aniambie kama HADO ilikuwa heri au shari. Hakusema, na mimi bado ninazigeuza sentensi zake mbili kichwani, ile ya zizi na ile ya miti, wala hazikubali kukaa pamoja.

Jioni ugali wa uwele kwa mlenda. Shangazi, mke wa mjomba, ananisemesha Kirangi makusudi, na mimi namjibu Kiswahili. Kirangi changu ni cha kuombea maji. Ananicheka na kunionea huruma kwa pamoja. Nilimwambia kuwa eneo hili ni ajabu kwa lugha: Warangi ni Wabantu, Waalagwa na Waburunge wanaopakana nao wanazungumza lugha za Kikushi, Wasandawe wa upande wa Chemba wana lugha ya vidoko, na ukishuka mashariki unawakuta Wamasai. Makundi manne ya lugha za Afrika katika mwendo wa basi la asubuhi moja. Akasema, "Na wewe hujui hata moja."

Alhamisi nikapanda hatimaye. Unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale pale kijijini, unaandikisha jina, unapewa mtu wa kukuongoza, unakwenda kwa pikipiki hadi njia inapokataa, kisha miguu. Mungomi wa Kolo, penye michoro yenyewe, uko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukigeuka, nchi inaporomoka chini na kunyooka kwenda Umasaini mpaka inageuka rangi ya moshi.

Michoro ni midogo kuliko ilivyokuwa kwenye kalenda, na ndiyo maana ilinishika zaidi. Watu wembamba mno, warefu, vichwa vyao vikubwa kwa nywele au kofia, sikuweza kuamua. Twiga, tembo. Wekundu wake umezama ndani ya jiwe. Mahali pengine kuna michoro myeupe, minene, iliyopigwa kwa vidole juu ya ile ya kale, na hiyo huhesabiwa kuwa ya wakulima waliokuja baadaye. Ile myekundu wataalamu wengi huihusisha na wawindaji wa kale, mababu wa watu kama Wasandawe na Wahadzabe. Mwaka 1951 Mary Leakey, mwanaakiolojia, alikaa huku miezi mitatu akinakili. Alirekodi maeneo 186 na taswira zipatazo 1,600. UNESCO ikayaingiza maeneo ya Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kilichonigusa si hayo, maana hayo yako kibaoni. Ni kwamba mahali hapa hapajafungwa kama makumbusho. Watu wa vijiji vya jirani bado wanapanda kuja kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Kijana aliyeniongoza alinieleza hayo kwa sauti ya chini, akavua kofia. Dakika tano baadaye alinionyesha mashimo yaliyochimbwa na watu wanaoamini Wajerumani walificha mali hapa wakati wa vita vya 1916, walipopigana na majeshi ya Waingereza pale Kondoa, na hapo sauti yake haikuwa ya chini hata kidogo. Alitukana, kisha akaniomba radhi.

Nilirudi magharibi, magoti yakilia. Mjomba alikuwa bandani anamalizia kumkatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka.

"Umeiona?"

"Nimeiona, mjomba."

"Kuna nini?"

Nikamwambia: watu warefu, twiga, tembo, wanyama wenye pembe wa porini.

"Na ng'ombe?"

Nikafikiri. Nikarudia miamba yote kichwani, mmoja mmoja. Nikasema, mimi sikumwona.

Akaweka panga chini, akampapasa yule ng'ombe wake shingoni.

"Kumbe HADO walifika mpaka huko," akasema.

Shangazi alicheka kutoka jikoni mpaka akakohoa.