Nguruwe Niliyempeleka Tanga

Septemba 2015 studio yetu ilikuwa chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa watatu. Mmoja aliandika programu, mmoja alitafuta wateja na kufukuzia malipo (kazi ngumu kuliko zote), mimi nilichora aikoni, vile vipicha vya kubonyeza kwenye simu. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani kwamba niko "kwenye kompyuta", basi.

Mteja alitaka programu ya hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii vitoke kwenye daftari viingie kwenye simu. Kwa alama ya akiba nikachora ile niliyoamini dunia nzima inaijua, nguruwe wa rangi ya waridi mwenye tundu mgongoni, sarafu inadumbukia. Wiki mbili nzima namnyoosha mkia. Mimi ni mtu wa Moshi, kwetu kitimoto ni mambo ya Jumamosi, wala sikushtuka. Mwenzangu wa programu ni Mwislamu wa swala tano, na alimwona yule mnyama kila siku asiseme neno. Baadaye aliniambia alidhani ni kiboko.

Tukapanda basi Ubungo alfajiri, mchana tuko Tanga. Viongozi wa kikundi walitusubiri Ngamiani, barazani kwa mweka hazina. Shikamoo, marahaba, chai na vitumbua, kisha nikampa simu. Akavaa miwani. Akaitazama skrini, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Mwanangu, mnyama gani huyu?"

"Hicho ni kibubu, mama."

"Kibubu nakijua. Nimekuuliza mnyama."

Katibu alikuwa ameshajifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mweka hazina akailaza simu kifudifudi juu ya mkeka, taratibu, kama mtu anayefunika chakula kilichochacha. "Kesho kikao," akasema. "Wenzangu wasimwone huyo."

Usiku huo, gesti, umeme ulikatika na kompyuta ilikuwa na chaji nusu. Nikakumbuka kibubu cha mbao cha bibi yangu, nikachora haraka: kisanduku, mwanya juu, noti inaingia. Nikaenda mapokezi kuomba mshumaa, nikamwonyesha kijana wa zamu. Akafurahi: "Kumbe nyie ni watu wa Tume!" Kweli, uchaguzi ulikuwa mwezi uliofuata na kila ukuta wa mji ulikuwa na sura ya Magufuli au Lowassa. Nilikuwa nimechora sanduku la kura.

Nikamuuliza kama ana daftari la hesabu, lile la vijimraba. Nilishasoma kwamba Susan Kare, aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh ya 1984, alianzia kwenye karatasi ya vijimraba, 32 kwa 32, kila kijimraba pikseli moja, yaani nukta moja ya skrini. Mimi nilikuwa nimeanza kinyume. Aikoni ya Android wakati ule uliitoa kwa saizi tano, pikseli 48, 72, 96, 144 na 192, na nyingine ya 512 ya duka la programu la Google. Nilimchorea nguruwe wangu kwenye 512, ambako hata kope zilionekana, halafu nikamsinyaza. Kwenye 48 alikuwa doa. Ndiyo maana hata kiboko aliwezekana.

Kwenye mwanga wa mshumaa nikarudia kukiona nilichokuwa nimekiona mchana bila kukitilia maanani: sanduku la bati la bluu pembeni mwa baraza, makufuli matatu mbele. Kila ufunguo unakaa na mama wake, na asipofika mmoja sanduku halifunguki. Nikahesabu vijimraba. Sanduku upana 40. Kufuli moja 8, mara tatu 24. Zinabaki 16, yaani nafasi nne za 4. Ikaingia kama imepimwa na fundi. Mshikio nikautoa, bawaba nikazitoa, kivuli nikakitoa. Umeme uliporudi saa tisa usiku nikahamishia kwenye kompyuta na kulala na viatu.

Asubuhi kikao kilikuwa chini ya mwembe, akina mama wamekaa duara, sanduku katikati. Mweka hazina akapokea simu na miwani yake ileile. Safari hii hakuisogeza mbali. Akahesabu kwa ukucha wenye hina: "Moja, mbili, tatu." Mwenzangu akanikanyaga mguu kwa furaha.

"Lakini kufuli la kati liko wazi."

Nikasema haiwezekani. Akanirudishia simu. Nikafungua kompyuta palepale juu ya magoti, nikakuza mpaka vijimraba vikawa vikubwa kama vigae, na kweli: kwenye upinde wa kufuli la kati pikseli moja ilikuwa imeruka, upande wa kulia. Kwa haraka zangu za saa tisa usiku sikuiona. Yeye aliiona kwenye kioo chenye ufa.

Alisimama nyuma yangu, mkono begani, mpaka nilipoijaza na kumrushia upya kwa bluetooth. Akatazama. Akakunja miwani, akaitia kwenye kibegi chake, akageukia duara.

"Haya, wenye funguo njooni."