Kusubiri Kisima cha Mama Mkwe

Mwishoni mwa 2011 mtambo wa kuchoronga uling'olewa kwenye kilima cha jirani, ukapakiwa kwenye malori na kuondoka, na sisi tukajua kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza subira inaanza. Kisima hicho cha gesi kilipita chini ya shamba la mama mkwe wangu, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa katika kaunti ya Bradford, kaskazini mwa Pennsylvania. Huko nilikoolewa, mwenye ardhi anaweza kumiliki hata gesi iliyo zaidi ya kilomita moja na nusu chini ya zizi lake, akaikodisha kwa kampuni na kulipwa mrabaha, yaani fungu la mauzo ya gesi. Mimi ni mzaliwa wa Mtwara. Kwetu gesi ni mali ya umma mikononi mwa serikali, na mwenye shamba akibahatika hulipwa fidia ya mikorosho yake.

Kuchoronga peke yake hakuleti kitu. Shimo hushuka wima, kisha hugeuzwa likalala ndani ya Marcellus, mwamba wenye gesi, likatiwa bomba la chuma na saruji. Baada ya hapo wanatakiwa watu wengine, wenye pampu, waje kulitoboa bomba hilo na kusukuma maji, mchanga na kemikali mpaka mwamba upasuke. Wasipokuja, una shimo la mamilioni ya dola lenye kifuniko. Na hawakuwa na sababu ya kuja: Aprili 2012 bei ya gesi Marekani ilianguka chini ya dola 2 kwa BTU milioni moja, kipimo cha joto kinachotumika kuuzia gesi, na bomba la kuitoa gesi kwenye kilima chetu lilikuwa halijafika.

Mume wangu kila jioni alifungua tovuti ya jimbo, ambako vibali na taarifa za uzalishaji huwekwa wazi kwa kila mtu, akatafuta namba ya kisima chetu. Kanisani, baada ya ibada, kahawa ilinywewa kwa mazungumzo ya gesi tu: nani kasaini mapema akapewa dola chache kwa ekari, nani kachelewa akapata maelfu, nani kashanunua gari kwa pesa ambayo haijaja. Mama mkwe hakuchangia. Alikuwa na majibu mafupi: "Ng'ombe wanakamuliwa leo."

Malori yalirudi majira ya kuchipua ya 2013. Barabara yetu ya vumbi ikawa tope, msafara wa maji na mchanga usiku na mchana, vikombe vikitetemeka kabatini. Na mwezi Mei, tarehe 22, siku ya bajeti ya Nishati na Madini kusomwa Dodoma, Mtwara ikalipuka kwa ghasia za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Nilikesha na simu. Mama yangu alikuwa amejifungia ndani na wajukuu, moshi ukionekana dirishani. Kulipotulia kidogo akauliza habari za huku, nikamweleza kwamba wakwe zangu wanasubiri malipo ya gesi yao.

"Yao wenyewe?"

"Ya kwao, mama."

"Na serikali inajua?"

"Inajua."

Akanyamaza. "Basi usimwambie mtu hapa mtaani."

Wiki chache baadaye walipima kisima kwa kuichoma gesi. Mwali ule uliunguruma kama ndege isiyopaa, na usiku ungeweza kusoma gazeti barazani. Mama mkwe alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia, akautazama, akasema, "Pesa yangu hiyo wanaichoma," akarudi kulala.

Kisha wanasheria wakapekua hati za ardhi kwenye mahakama ya Towanda, makao makuu ya kaunti, na ndipo ikaja karatasi ya mgawo yenye namba moja, sehemu yake katika mauzo ya gesi ya kisima: 0.0078125. Tuliikalia mezani jikoni kwa penseli. Ekari zake 80 kati ya ekari 640 za eneo zima la kisima ni sehemu moja ya nane. Mrabaha nao ni moja ya nane, kiwango cha chini ambacho sheria ya Pennsylvania ya 1979 inamlinda nacho mwenye gesi. Zidisha, unapata 0.015625. Yeye alipewa nusu. Aliyemuuzia babu mkwe shamba enzi za miaka ya 1930 alijibakizia nusu ya mafuta na gesi ya chini, na sasa wajukuu zake, waliotawanyika majimboni na ambao hawajawahi kukanyaga kilima kile, wangelipwa sawa na yeye. Alisugua penseli kwenye namba ile mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Akasaini.

Hundi ya kwanza ililipa miezi kadhaa kwa mkupuo. Karibu theluthi ilikuwa imeliwa na makato: kukusanya gesi, kuisukuma, kuikausha, kuisafirisha, kuitafutia soko.

"Mimi niliwaomba waikaushe?"

Aliandika barua. Kampuni ikamjibu kwa nakala ya mkataba wake mwenyewe, kifungu kimoja kimepigiwa mstari. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikuwa imeshaamua tangu 2010 kwamba gharama za kufikisha gesi sokoni zinaweza kutolewa kabla mrabaha haujahesabiwa, kwa hiyo mlango ule ulifungwa mapema. Nadhani kilichomuudhi zaidi ni ule mstari wa kalamu.

Pesa zililipa kodi ya shule na paa la zizi. Hundi zilizofuata zikazidi kupungua, maana visima vya mwamba huu hutoa kwa pupa mwaka wa kwanza kisha hufifia haraka. Akatokea kijana mmoja wa tai, anayenunua haki za madini, akataka amuuzie zote kwa mara moja. Mama mkwe alimmiminia kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia arudi na bei mara mbili yake. Kijana akasema atampigia bosi wake.