Desemba Minneapolis: nani apewe heri ya nini?

Ikishaingia Desemba huku Minneapolis, ukilipa tu dukani unaagwa kwa "Happy Holidays", yaani heri ya sikukuu. Sikukuu ipi, hakuna anayetaja. Wapo Wamarekani wanaochukia salamu hiyo, wanasema Krismasi inafichwa. Mwaka 2015 walilumbana nchi nzima juu ya vikombe vya Krismasi vya mikahawa ya Starbucks, eti ni vyekundu vitupu, havina hata pambo. Mtoto wa Tanga utacheka mpaka ukae chini.

Mimi salamu hiyo siichukii. Tanga Mkristo anampa jirani yake heri ya Idi, Krismasi anarudishiwa, na katikati hapo pilau imeshavuka ukuta. Ila kule unajua kila nyumba inasali wapi. Huyu binti wa kaunta, mimi nimejifunika koti mpaka puani, atajuaje kama ni Mlutheri? Tena katika jiji ambalo tangu 2023 misikiti inaruhusiwa kuadhini kwa vipaza sauti nyakati zote tano. Kwa mtu usiyemjua, heri ya jumla ni adabu.

Kazini ndiko ninakoikataa. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tunajuana vizuri, kwa hiyo uvivu hauna kisingizio. Bibi mmoja Myahudi huadhimisha Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa siku nane, kwa mishumaa ya betri, maana moto hauruhusiwi. Hanuka inahamahama, mwaka 2024 usiku wake wa kwanza ulikuwa Krismasi yenyewe. Kaka yetu Mhabeshi ni Morthodoksi, Krismasi yake ni tarehe 7 Januari, siku ambayo miti ya Krismasi imeshatupwa barabarani na hakuna anayemkumbuka. Mwambie "Melkam Gena", yaani Krismasi njema, uone uso wake. Shahidi wa Yehova hasherehekei, huyo namtakia usiku mwema, tunaendelea na kazi. Halafu kuna mama Mmarekani Mweusi anayeadhimisha Kwanzaa, sikukuu ya siku saba, kila siku na neno lake la Kiswahili, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966. Tarehe 26 anakuuliza, "Habari gani?" Jibu la siku hiyo ni "Umoja". Mswahili ukijibu "Nzuri", umefeli mtihani wa lugha yako mwenyewe.

Lakini niseme ukweli, Wasomali wa zamu yetu hawajali sana unawaambia nini Desemba. Wanachotaka ni ofu siku ya Idi. Tarehe 25 wanatushikia zamu sisi Wakristo, na Idi tunawashikia wao. Mizani haijakaa sawa, maana Krismasi ni sikukuu ya serikali kuu tangu 1870 na kazini kwetu saa zake zinalipwa mara moja na nusu, wakati Idi inalipwa kama Jumanne yoyote. Hilo mkubwa wetu wa kazi halizungumzii, ingawa kadi zake za "Happy Holidays" hazichelewi.

Kwa hesabu ya mwezi, mwaka 2033 kutakuwa na Idi el-Fitri karibu na tarehe 23 Desemba. Nimeshawauliza Wasomali wiki hiyo nani atabaki na wazee. Wamenitazama mimi.